Kupanga Marudio ya Likizo ya Juni kwa Watahiniwa wa Darasa la Saba: Mifano kutoka Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Utangulizi

Kila mwaka, shule za msingi zinapofungwa kwa likizo ya Juni, mwanafunzi wa darasa la saba hurudi nyumbani akiwa amebakiza miezi mitatu hivi kabla ya kukabili mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Mtihani huo huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na katika miaka ya karibuni umekuwa ukifanyika mwezi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Ingawa jina lake ni mtihani wa kumaliza, kwa mtoto na mzazi wake ni mtihani wa kuingia: ndio unaofungua au kufunga mlango wa kidato cha kwanza. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za Serikali za kutwa na za bweni, na kwa hiyo familia nyingi ambazo zamani zilikata tamaa mapema sasa zina sababu ya kutumaini.

Masomo yanayotahiniwa ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii pamoja na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, na jumla yake ni 300. Mtahiniwa anayepata jumla ya alama 121 na kuendelea huhesabiwa kuwa amefaulu. Hapana budi mwalimu mwanafunzi azifahamu hesabu hizi, kwa sababu zinaonyesha kwamba mtoto aliye na alama 105 mwezi Mei hayuko mbali na mlango. Anahitaji alama 16 tu, yaani pungufu ya alama tatu kwa kila somo. Mtoto wa namna hiyo ndiye ambaye likizo inaweza kumvusha au kumwangusha.

Ni kweli kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi ya miaka sita, na kwa hiyo darasa la mwisho na sura ya upimaji vinabadilika kadiri mtaala mpya unavyoingia. Hata hivyo, haja ya kumfundisha mtoto namna ya kujifunza peke yake haibadiliki.

Shabaha ya makala haya ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi kuandaa ratiba ya marudio ambayo mtoto wa kijijini anaweza kuitimiza kweli. Hoja yetu ni moja: ratiba ya likizo haianzi na orodha ya masomo, bali huanza na siku ya mtoto jinsi ilivyo.

Kasoro za ratiba tunazozizoea

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi wengi huandika ratiba ya likizo inayofanana sana na ratiba ya shule. Huanza saa 2 asubuhi na kuishia saa 10 jioni, ikiwa na vipindi vinane, mapumziko mawili na mistari iliyopigwa kwa rula. Ratiba hiyo hupendeza ukutani, lakini haina mwenyewe. Imeandikwa kwa ajili ya mtoto asiye na shamba, asiye na wadogo wa kulea, na asiye na maji ya kuteka.

Madhara yake si kwamba mtoto hatasoma tu. Siku ya kwanza hujitahidi, siku ya pili hukosa nusu ya vipindi, na siku ya tatu huiacha ratiba yote. Hapo hujifunza jambo ambalo mwalimu hakukusudia kumfundisha, yaani kwamba yeye ni mvivu na kwamba kusoma ni kwa watoto wengine. Anarudi shuleni Julai akiwa na imani hiyo moyoni, na imani hiyo ni nzito kuliko mada yoyote aliyoisahau.

Kasoro ya pili ni kinyume cha hiyo: mwalimu humwambia mtoto "kasome kwa bidii" na kumwacha. Mtoto asiyejua asome nini, kwa muda gani na kwa njia gani, hufungua daftari ukurasa wa kwanza, husoma kwa macho hadi usingizi umshike, na kesho yake huanza tena ukurasa ule ule.

Kasoro ya tatu ni kuigeuza likizo kuwa muhula mwingine kwa kuwaita watoto wote shuleni kila siku. Likizo imewekwa ili mtoto apumzike na awe na wazazi wake, na wizara yenye dhamana ya elimu imekwisha kukataza shule kuendesha masomo wakati huo. Ratiba tunayoizungumzia hapa ni ya nyumbani, ni fupi, na humwachia mtoto sehemu kubwa ya siku yake.

Hatua ya kwanza: kuitambua siku ya mtoto

Wiki mbili kabla ya kufunga shule, mwalimu awape wanafunzi zoezi la kuandika siku yao ya Juni iliyopita tangu kuamka hadi kulala. Zoezi hili lifanyike katika kipindi cha Kiswahili, kama insha fupi. Mwalimu atakapozisoma insha hizo atatambua kwamba darasa lake halina siku ya namna moja. Tuangalie mifano miwili.

Mtoto wa milimani. Katika vilima vya Umatengo, kuzunguka Mbinga mjini na kuelekea Litembo na Maguu, Juni ni mwezi wa baridi na ni mwezi wa kahawa. Kahawa mbivu huchumwa kwa mkono, punje moja moja, na haifai kulala bila kumenywa. Kwa hiyo mtoto anayesaidia kuchuma asubuhi huenda pia akasaidia kumenya jioni, na baada ya hapo kuna kuosha na kuanika. Mtu asiyeifahamu kazi hii atafikiri kwamba mtoto hana nafasi hata kidogo. Lakini kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja huhitaji mtu wa kuigeuza mara kwa mara na kuilinda. Mlinzi huyo mara nyingi ni mtoto, naye hukaa mahali pamoja penye mwanga mzuri kwa saa kadhaa. Hiyo ni nafasi ya masomo ambayo hakuna ratiba ya ukutani iliyoiona.

Mtoto wa mwambao. Ukishuka kwa barabara ya lami ya kilomita 66 hivi kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, unaiacha baridi ya milimani na kufika ufukweni ambako maisha yanafuata ziwa. Mwambao huu, pamoja na Liuli na Lituhi, uko katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Hapa chakula kikuu ni muhogo, na kitoweo na fedha hutoka ziwani. Usipa na dagaa wengine huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo uvuvi hushamiri katika giza na hupungua mbalamwezi inapokuwa kali. Usiku wa giza mitumbwi hurudi alfajiri, na asubuhi yote hupita katika kupokea samaki, kuwaosha na kuwaanika. Usiku wa mbalamwezi nyavu hushonwa na asubuhi huwa na nafasi.

Mzunguko wa mwezi angani ni siku 29 na nusu, na likizo ya Juni ni yapata wiki nne. Maana yake ni kwamba likizo moja hukaribia kuuchukua mzunguko mzima, na mtoto wa mwambao hana siku ya namna moja bali ana siku za namna mbili. Mwalimu anayempangia saa moja isiyobadilika kwa mwezi mzima atakuwa amekosea nusu ya siku zote. Yafaa basi awe na ratiba mbili: ya siku za giza, ambapo kipindi huja kati ya saa 5 na saa 6 baada ya dagaa kuanikwa, na ya siku za mbalamwezi, ambapo kipindi huja asubuhi mapema kabla ya kwenda kwenye shamba la muhogo.

Katika sehemu zote mbili mwalimu amwangalie msichana kwa namna ya pekee. Mara nyingi kazi za kaka yake zina mwanzo na mwisho, lakini za kwake hazina: maji, kuni, kupika, kuosha vyombo, kubeba mtoto. Ukimwuliza ni saa ngapi ana nafasi, atakujibu kwa ukweli kwamba hana. Kwake yeye nafasi haitafutwi. Huombwa kwa wazazi wake, kama tutakavyoona.

Hatua ya pili: kutafuta mapengo

Mtoto hawezi kurudia kila kitu alichofundishwa kwa miaka saba, na wala hahitaji. Mwalimu achukue karatasi za mtihani wa mwisho wa muhula na, pamoja na mtoto, wayapange makosa katika mafungu matatu:

1. Mambo ambayo mtoto hakuyajua kabisa.
2. Mambo aliyoyajua akayasahau au akayachanganya.
3. Mambo aliyoyajua lakini akakosa kwa kutosoma swali vizuri au kwa haraka.

Fungu la kwanza ni kazi ya mwalimu darasani mwezi Julai. Si haki kumtwika mtoto peke yake mada ambayo haelewi hata mwanzo wake. Fungu la pili ndilo hasa kazi ya likizo. Fungu la tatu hurekebishwa kwa mazoezi mafupi ya kusoma swali na kulieleza kwa maneno mengine kabla ya kulijibu. Mtoto anayeona makosa yake yamepangwa hivi hupata faraja, kwa kuwa anagundua kwamba mengi ya makosa yake si ya kutojua.

Hatua ya tatu: kupima kiasi

Tunapendekeza vipindi viwili kwa siku, siku tano kwa wiki: kipindi cha kuandika cha dakika 40 wakati wa mwanga, na kipindi cha mdomo cha dakika 20 baada ya chakula cha jioni. Jumamosi iwe siku ya akiba kwa ajili ya kufidia kipindi kilichokosekana, na Jumapili iwe ya kupumzika.

Mwalimu mwanafunzi anaweza kuona kwamba kiasi hiki ni kidogo mno. Na afanye hesabu. Wiki nne zina siku 20 za kazi. Kila siku ina dakika 60. Jumla ni saa 20. Saa 20 zilizotimizwa ni bora kuliko saa 160 zilizoandikwa ukutani.

Kipindi cha jioni kimefanywa cha mdomo kwa makusudi. Jua huzama mapema mwezi Juni, na si kila nyumba ina umeme au taa ya sola. Kumlazimisha mtoto asome maandishi madogo kwa kibatari ni kumchosha macho na kumfanya avute moshi. Kueleza kwa mdomo hakuhitaji taa. Kunahitaji msikilizaji tu, naye anaweza kuwa bibi, mama, au mdogo wake wa darasa la tatu.

Vipindi 20 vya kuandika vigawanywe kufuatana na mapengo, si kwa usawa. Kwa mfano, mtoto aliye dhaifu katika Hisabati na Kiingereza anaweza kugawiwa hivi: Hisabati 7, Kiingereza 5, Sayansi na Teknolojia 4, Maarifa ya Jamii 2, Kiswahili 1, Uraia na Maadili 1. Kiingereza kina sababu ya ziada ya kupewa uzito. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atakutana na masomo karibu yote ya kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Kila kipindi cha Kiingereza cha Juni kitamfaa Septemba, na kitamfaa zaidi Januari.

Hatua ya nne: namna ya kutumia dakika 40

Hapa ndipo marudio mengi yanapoharibika. Watoto wengi, na hata wanachuo, huamini kwamba kurudia ni kusoma tena. Uchunguzi wa wataalamu wa saikolojia unaonyesha vingine.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba jambo tulilolikariri hupotea upesi sana mwanzoni na polepole baadaye, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku kadhaa huhifadhi zaidi kuliko marudio mengi ya mara moja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanachuo habari fupi za kusoma. Kisha wengine walizisoma tena, na wengine waliandika walichokikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56.

Kwa upande wa Hisabati, Doug Rohrer na Kelli Taylor walitoa taarifa mwaka 2007 ya wanachuo waliojifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya maswali ya umbo moja mfululizo walifanya vizuri zaidi wakati wa mazoezi. Lakini walipopimwa wiki moja baadaye walipata asilimia 20, na wale waliochanganya maumbo walipata asilimia 63. Sababu yake yaeleweka: anayefanya maswali ya aina moja hana haja ya kuchagua njia, ilhali mtihani unadai kwanza uchaguzi wa njia.

Majaribio haya yalifanywa kwa wanachuo, si kwa watoto wa darasa la saba, na mwalimu asiyachukue kama vipimo vya mtoto wake. Hata hivyo, mafunzo yake matatu yanaweza kujaribiwa katika kijiji chochote bila gharama: jipime bila kuangalia, achanisha marudio, changanya maswali. Kwa hiyo kipindi cha kuandika kiwe na sehemu nne:

1. Dakika 5: mtoto aandike, daftari likiwa limefungwa, mambo anayoyakumbuka ya kipindi kilichopita.
2. Dakika 15: asome sehemu fupi moja tu, au apitie mifano miwili ya Hisabati.
3. Dakika 15: afunge daftari, aandike alichokisoma kwa maneno yake, au afanye maswali matano, mawili ya mada ya leo na matatu ya mada za nyuma.
4. Dakika 5: afungue daftari, ajisahihishe, na apige alama ya nyota kando ya kila alichokosa.

Katika kipindi cha mdomo cha jioni, mtoto amweleze msikilizaji wake mambo matatu: la leo, la juzi na la wiki iliyopita. Msikilizaji hana haja ya kujua somo. Kazi yake ni kusema, "Hapo sijaelewa, nieleze tena." Bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana, na mtoto atakayeweza kumwelewesha bibi yake kwa nini mwezi hupatwa, amejua kweli.

Hatua ya tano: kuzungumza na mzazi

Ratiba isiyojulikana na mzazi haina nguvu. Mwalimu asimwite mzazi ili amlaumu kwa kumtumikisha mtoto. Kazi ya kahawa na ya dagaa ndiyo inayonunua sare na madaftari, na mzazi anayelaumiwa huacha kusikiliza. Mwalimu aende na ombi dogo linalotajwa waziwazi. Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, usisimame juani."

"Ahsante, mama. Nimekuja kwa ajili ya binti yetu. Amebakiza alama chache tu afaulu. Siombi aache kazi za nyumbani. Naomba dakika 40 kila siku, dagaa wakishaanikwa, akae pale pale kwenye kichanja asome, asitumwe."

"Na maji, mwalimu? Maji ndiyo kazi yake saa hizo."

"Je, kaka yake hawezi kuyachota kwa hizo wiki nne tu?"

"Nitamwambia baba yao. Lakini hizo dakika 40 nitazijuaje, nami saa sina?"

"Kivuli cha mwembe kikifika kwenye kichanja cha kwanza, mama, awe amemaliza."

Mwalimu mwanafunzi atambue mambo manne katika mfano huu. Kwanza, ombi lina kiasi na lina mwisho. Pili, kipindi kimefungwa kwenye tukio ambalo tayari lipo, yaani kuanika dagaa, wala si kwenye saa ambayo haipo nyumbani. Tatu, kazi ya msichana haikuachwa bila mtu wa kuishika. Nne, mzazi amepewa njia ya kusimamia bila kuhitaji kujua somo lenyewe.

Kazi za nyumbani kama zana za kujifunzia

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alisisitiza kwamba shule na kazi visitenganishwe. Katika marudio ya likizo, wazo hilo lina matumizi ya karibu. Mtoto wa milimani anaweza kupewa swali hili: ikiwa kilo 5 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa kavu yenye ganda, je, kilo 85 zitatoa kilo ngapi, na uzito umepungua kwa asilimia ngapi? Ngolo za Wamatengo, yale mashimo yanayopangwa mlimani na kuzungukwa na matuta, humpa mfano hai wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kuhifadhi maji. Mtoto wa mwambao anaweza kupima uzito wa dagaa wabichi na wakavu, akatafuta uwiano wake, au akachora mlolongo wa chakula ziwani, kuanzia vijimea vidogo hadi usipa, samaki wakubwa na binadamu.

Hata hivyo, mwalimu awe na kiasi. Mtoto anayechuma kahawa asigeuzwe kuwa mtahiniwa kwa kila debe. Maswali mawili kwa wiki yanatosha. Na maswali ya namna hii hayachukui nafasi ya kuzoea karatasi za mtihani zenyewe, zenye maswali ya kuchagua jibu na ya kuandika majibu mafupi. Karatasi moja ya mwaka uliopita, ikifanywa kwa muda uliowekwa katika Jumamosi ya mwisho ya likizo, itamzoesha mtoto kuugawa muda.

Pale ambapo watoto watatu wanaishi jirani, wanaweza kukutana mara moja kwa wiki, mchana, kwenye nyumba yenye mtu mzima, ili waulizane maswali. Wasizidi watatu au wanne, na wazazi wote wajue mahali na saa ya kurudi.

Ufuatiliaji baada ya likizo

Mtoto achore ukurasa mmoja wenye miraba 20, na kila kipindi cha kuandika kinapotimia apige alama. Siku ya kufungua shule mwalimu aukague ukurasa huo kwa utulivu. Mtoto aliyetimiza vipindi 12 kati ya 20 asiadhibiwe wala kuaibishwa mbele ya wenzake. Aulizwe: vipindi vinane vilivyokosekana viliangukia siku gani? Ikiwa vyote viliangukia siku za kumenya kahawa, basi kosa ni la ratiba, nayo irekebishwe kwa ajili ya jioni za Julai na Agosti. Ikiwa viliangukia siku mbalimbali bila mpango, hapo ndipo mwalimu azungumze na mtoto juu ya nidhamu yake. Adhabu ingemfundisha mtoto kupiga alama za uongo, na ukurasa usio wa kweli haumfai mtu yeyote.

Katika wiki ya kwanza ya muhula, mwalimu atoe jaribio fupi la mada zile zilizokuwa katika fungu la pili. Matokeo yake ndiyo yatakayomwonyesha ni mapengo gani yamezibika, na azimio la kazi la wiki zilizosalia lipangwe kufuatana na hayo.

Hitimisho

Tumeona kwamba ratiba njema ya likizo hutokana na siku ya mtoto, hulenga mapengo machache, huwa na kiasi kinachotimizika, humfanya mtoto ajipime badala ya kusoma tena na tena, na hupata kibali cha mzazi. Haihitaji vitabu vya ziada wala fedha. Inahitaji mwalimu aliyetembea hadi kwenye kichanja na ufukweni kabla ya kuchukua rula. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mtoto aliyebakiza alama 16, kibaba hicho ni nafasi katika kidato cha kwanza.

Maswali na kazi za kufanya

1. Eleza kwa nini ratiba ya aina moja haiwezi kumfaa mtoto wa mwambao kwa likizo nzima. Tumia kalenda ya mwezi kutoa mfano.
2. Chukua karatasi tano za Hisabati zilizosahihishwa katika shule yako ya mazoezi. Panga makosa katika mafungu matatu yaliyotajwa. Ni fungu lipi lililo kubwa zaidi, na hilo lakufundisha nini juu ya ufundishaji wenyewe?
3. Andaa ratiba ya wiki nne kwa ajili ya mwanafunzi mmoja unayemfahamu. Onyesha kila kipindi kimefungwa kwenye tukio gani la siku yake.
4. Igizeni, wawili wawili, mazungumzo ya mwalimu na mzazi anayekataa binti yake asipewe nafasi. Wengine wachunguze kama ombi lilikuwa na kiasi na kama heshima ilidumishwa.
5. Jadilini: je, ni haki kumwomba mtoto asome wakati wa likizo? Toeni hoja za pande zote mbili kabla ya kufikia uamuzi.